Mkeka wa Mwisho wa Bi Mize

Sogeeni, mnisikilize. Mwenye jibu na alitunze hadi mwisho.

Hospitali moja ilikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Mhina wa maabara alijaliwa subira ya kutafuta kisichoonekana. Daktari Aikande alijaliwa moyo usiotishika. Zamoyoni, mfanya usafi, alijaliwa mikono isiyojua kinyaa.

Bi Mize, msusi wa mikeka, hakumjua hata mmoja wao alipompeleka mjukuu wake Mwanamvua, aliyevunjika mguu. Mguu ulikuwa ukiunga vizuri, mara mtoto akaanza kuhara. Akafuata wa kitanda cha pili, kisha wodi nzima. Wakachomwa sindano kali, wapi! Watoto wawili wakazikwa. Bi Mize akawa anamlowesha mjukuu midomo iliyokauka, hana hata machozi.

Mhina akachukua choo cha wagonjwa, akaotesha vijidudu kwenye visahani, akavijaribu kwa dawa moja baada ya nyingine. Vikaendelea kumea kama magugu.

"Vimeshazizoea dawa zetu," akamwambia daktari. "Hata hizo sindano ni bure. Imebaki dawa moja tu inayoviua."

Bila yeye, nani angejua?

Daktari Aikande akasimamisha sindano. Dawa ile iliyobaki akawapa waliozidiwa tu, akiwemo Mwanamvua. Wengine wakanyweshwa maji ya chumvi na sukari. Ndugu wa wagonjwa wakamjia juu, Bi Mize akiwa mbele yao.

"Unamnyima mjukuu wangu sindano! Unataka nimzike?"

"Bibi, sindano ile inawalea wadudu, haiwaui. Na hii nyingine nikimpa kila mtu, nayo wataizoea. Kesho tutatibu kwa nini?"

Mkubwa wa daktari akamwonya: akifa mtoto mwingine, kazi huna. Hakurudi nyuma. Bila yeye, nani angethubutu?

Watoto wakapata nafuu, lakini waliopona wakaanza kuugua tena, maana ugonjwa ulikuwa kwenye vyoo, kwenye ndoo, kwenye vyuma vya vitanda. Wafanya usafi wengine walishakimbia. Zamoyoni akabaki, akasugua kila kitu kwa klorini, kisha akasimama mlangoni na sabuni. "Huingii na mikono hiyo, hata uwe bwana mkubwa!" Ugonjwa ukamwangusha naye, akalazwa wodi ile ile. Alipoinuka, akarudi kwenye brashi yake. Bila yeye, dawa ingefaa nini?

Kuhara kukakoma. Asubuhi moja Mwanamvua akaomba uji, na Bi Mize akalia kilio alichokuwa amekizuia.

Akasuka mkeka wa ukindu, mzuri kuliko yote aliyowahi kusuka. Macho yake yalikuwa yakiingia ukungu. Alijua hatasuka mwingine. Akaupeleka hospitali.

"Mpe Zamoyoni," akasema Mhina. "Nusura afe."

"Mpe daktari," akasema Zamoyoni. "Mimi kazi yangu haiponyi mtu."

"Mpe Mhina," akasema daktari. "Mimi nilikuwa nachoma sindano gizani."

"Bibi, tuukate vipande vitatu?" akanong'ona Mwanamvua.

"Mkeka ukikatwa hufumuka, mjukuu wangu."

Bi Mize akawatazama wale watatu, mmoja mmoja, mkeka ungali mikononi.

Aliyegundua, aliyethubutu, au aliyesugua hadi akaugua: wewe ungemkunjulia nani mkeka ule?