Kwa Nini Milango ya Vuriri Haina Vizingiti

Kwa nini watu wa kale wa Vuriri walijenga vizingiti vya kufika magotini, sijui. Wengine husema ni kuzuia maji yanayoteremka mlimani, wengine husema ni mbuzi. Nimeuliza tangu ujana wangu, na kila jibu lina tundu.

Lakini ndivyo ilivyokuwa. Tena ilikuwa mwiko mtu mzima kubebwa kuvuka kizingiti, kwa kuwa aliyebebwa hivyo alikuwa maiti. Enzi ambazo watu hawakuishi sana, mwiko huo haukumsumbua mtu. Kisha ikaja neema: mvua njema, maradhi machache. Wazee wakaongezeka, magoti yakachoka. Wakabaki kila mmoja kwake, wakisalimiana kwa kupaza sauti.

Mbonea alipopata binti, ilibidi mkongwe wa ukoo aingie ndani kumpa mtoto jina. Mtoto asiye na jina hakutolewa nje kuona jua. Mkongwe huyo alikuwa Nakiete, bibi yake Mbonea. Alijikongoja hadi mlangoni, akainua mguu, mguu ukakataa.

"Nikubebe, bibi?"

"Unibebe? Kaburi umeshachimba?"

Mbonea, kwa nia njema kabisa, akatoboa ukuta wa nyuma, kando ya zizi, akamfanyia mlango wake peke yake, usio na kizingiti. Nakiete akautazama, akacheka.

"Mjukuu wangu, wenzangu wapite mbele, mimi nipite na mbuzi?"

Akaketi uani. Ndani, mtoto alikuwa akilia gizani.

Ndipo Nambike, mama wa mtoto, akasema kutoka kitandani, "Kikateni hicho kizingiti! Mimi mwenyewe na tumbo lile nilikivuka kwa kukikalia. Na mitungi mingapi imevunjikia hapo?"

Watu wakacheka, maana hapakuwa na nyumba isiyopoteza mtungi.

"Na maji ya mvua je?" akauliza mmoja.

"Si mchimbe mfereji!"

Mbonea akachukua tezo, akakata. Akapanga mawe bapa yaliyoinuka polepole, na mfereji mbele yake. Nakiete akaingia kwa miguu yake, akampa mtoto jina Nakundwa, akatoka amembeba, jua likimpiga mtoto usoni.

Na tangu siku hiyo Vuriri haina mlango wa wazee wala mlango wa vijana. Ukoo uliamua kila kizingiti kikatwe, na kazi wakapewa wakwe, kwani kwetu mkwe hakatai kazi mbele ya mama mkwe. Nao walianzia nyumba za wajane, wasio na mtu wa kuwakatia.