Sura Arobaini za Kusikiliza

Mwenda pole hajikwai, na mwenye pupa hurudia kazi. Mkutubi mmoja aliijua methali hii tangu utotoni, lakini aliielewa ukubwani.

Maktaba yake ilikuwa na kitabu cha ukandaji viungo, sura arobaini, kilichorekodiwa kwa ajili ya wanafunzi wanane wasioona. Mtihani wao ulikuwa umebakiza wiki moja. Kitabu kilisomwa na watu wawili: muuguzi mstaafu, aliyenong'ona kama anayetoa siri, na muuza nyama, aliyenguruma kama radi. Wanafunzi walichoka kupandisha na kushusha sauti.

"Zisawazishwe kwa kompyuta," dada yake, fundi wa redio, alimshauri. "Ila zipimwe kwanza. Kesho nitakuja tusaidiane."

Mkutubi hakungoja kesho. Alizifungua sura moja moja, akapandisha sauti hii na kushusha ile kwa kukisia, akazihifadhi palepale juu ya zile za mwanzo. Kufikia adhuhuri alikuwa amemaliza, kifua mbele. Aliposikiliza, alinywea. Muuguzi alikwaruza kama ngoma iliyopasuka. Muuza nyama hakueleweka hata neno.

Kwa haya nyingi alimpigia simu muuguzi.

"Nilijiwekea nakala za sura zote tulipomaliza kurekodi, mwanangu," mama yule alimjibu kwa upole. "Njoo uchukue."

Kesho yake asubuhi, nakala zikiwa tayari kwenye kompyuta, dada yake alifungua programu isiyo na picha wala vitufe, ya kuandikiwa amri tu. Akaandika mstari mmoja. Programu ikaanza kuzisikiliza sura, mwanzo hadi mwisho.

"Mbona haijabadilisha kitu?" mkutubi aliuliza, roho juu.

"Inapima nguvu ya kila sauti. Ikishajua, itarudia na kuzileta zote kwenye kiwango kimoja. Hata fundi cherehani hakati kitambaa kabla ya kupima, mdogo wangu."

Safari hii mkutubi alikunja mikono, akangoja. Sura mpya zilihifadhiwa pembeni, na za mwanzo hazikuguswa.

Alasiri wanafunzi walisikiliza sura tano mfululizo. Hakuna aliyegusa kitufe cha sauti.

"Naona muuza nyama amefunzwa adabu," mmoja wao alisema, "na mama muuguzi leo ameshiba."

Wote wakacheka, mkutubi akicheka kuliko wote. Kisha wakaomba sura ya sita. Ama kweli, mwenda pole hajikwai.