Jina la Kikoi cha Sultani

Hapo zamani, babu wa babu zenu wakiwa bado hawajui kujifunga shuka, palikuwa na Sultani katika mji wa Shungi, jina lake Mwinyi Badi, mpenda nguo kupita kiasi. Siku moja alimwonyesha mgeni wa ng'ambo joho lake, akasema, "Hii ni atilasi." Mgeni akatabasamu, akamwambia kwa upole, "Kwetu twasema atlasi, Bwana mkubwa." Basi Sultani akaona haya, na haya yake akaamua kututwisha sisi.

Kulipokucha mpiga mbiu akapita akitangaza: "Kila nguo itatajwa kama anavyoitaja aliyeifuma! Atakayeshindwa atavuliwa, na nguo itaingia ghala ya Sultani, awe nani awe nani!"

Ikawa askari wamesimama lango la soko, wakiuliza watu majina ya nguo zao. Bafta, melimeli, doria, watu wakazitamka kama walivyozisikia kwa mama zao, wakavuliwa. Lo! Wazee wenye heshima zao walirudi majumbani wamejifunika majamvi, na njiani wakaamkiana vizuri tu na kuulizana hali.

Sasa, mjini mle aliishi fukara mmoja, Athmani Chubwi. Watu walimwita mjinga, kwa kuwa ukimwambia, "Niangalizie mlango," ataukodolea macho mpaka urudi. Binti yake, Mwanaheri, alikuwa karibu kuolewa. Na desturi ya Shungi ni hii: biarusi hatoki nyumbani kwa baba ila amefunikwa nguo ya mama yake, na kama mama amekufa, nguo ile ndiyo humsindikiza badala yake. Mkewe Chubwi alikwisha kufa, akaacha mtandio mmoja wa hariri.

Mwanaheri alijitanda mtandio ule akaupeleka kwa fundi kupigwa pindo. Langoni askari akamwuliza, naye akajibu, "Hariri." Askari akasema, "Waliofuma huko Shamu huitoa ile 'ha' kooni. Vua."

Msichana akarudi analia, na wakweze wakaleta habari kwamba bila nguo ya mama hakuna harusi. Chubwi akalia naye, tena kwa sauti, maana uchungu wa mtoto una mpaka? Kisha akanawa uso, akaenda zake barazani kwa Sultani.

"Mola akuweke, Bwana wangu," akasema. "Amri yako ni ya sisi mafukara, ama ni ya watu wote?"

"Ya watu wote," akajibu Sultani. "Hata mimi imo shingoni mwangu."

"Basi niwie radhi. Hiyo uliyojifunga kiunoni yaitwaje?"

Sultani akacheka. "Mjinga wewe! Kikoi! Hata mtoto mchanga ajua."

"Ndivyo aitajavyo aliyeifuma?"

Sultani akamgeukia waziri. Sultani hakumjua mfumaji wake, wala waziri hakumjua. Kazi yao ilikuwa hivi: mtumishi huacha nyuzi kizingitini, na nguo ikiwa tayari huikuta pale pale. Ikaulizwa mitaani, akaletwa mtu mmoja mrefu, Shekuwe, ambaye ni bubu tangu kuzaliwa.

Akaonyeshwa kikoi, akaashiriwa akitaje. Shekuwe akajipiga paja, akapuliza ngumi yake, akapitisha vidole mbele ya tumbo kama uzi upitao kwenye kitanda cha mfumi, akajizungusha mzima, akamaliza kwa kutikisa nyonga. Kisha akatulia, mikono nyuma.

"Umesikia, Bwana wangu," akasema Chubwi.

Mwinyi Badi akatazama huku na huku. Akajipiga paja, akapuliza, akajizungusha. Shekuwe akatikisa kichwa, maana kazi yake hakuifanyia mzaha.

"Nyonga umeitamka nzito," akaeleza Chubwi kwa adabu.

Akarudia. Shekuwe akatikisa kichwa tena, kwa huruma. Hapo askari mmoja wa langoni, mtu mwaminifu sana katika kazi yake, akasogea, akanyoosha mkono kwenye fundo la kikoi.

"We! Wafanya nini?" akafoka Sultani, amelishika fundo kwa mikono miwili.

"Samahani, Bwana. Awe nani awe nani."

Mtume! Waziri akauma kilemba chake asicheke, na Sultani akamwona. Akakaa kitako polepole, fundo bado mkononi, akasema, "Chubwi, sema utakacho, upesi."

"Mtandio wa marehemu mke wangu."

Ghala ikafunguliwa, na watu wa Shungi wakaitwa kuchukua kila mtu nguo yake. Mwanaheri akaletwa, na Sultani mwenyewe akamletea mtandio ule kwa mikono yake. Lakini mazoea yana taabu, akajikuta ameuliza, "Nayo yaitwaje?"

Msichana akaukumbatia mtandio, akaunusa, machozi yakamtoka.

"Mama," akasema.

Mwinyi Badi akainamisha kichwa. "Umetamka sawasawa," akasema, akamfunika mwenyewe, na mbiu ile haikupigwa tena Shungi hata leo ninapowasimulia.