Kiboko na Mwizi wa Maji ya Matumbawe

Hapo zamani za kale, enzi ambazo viboko walivaa kanzu na kupokea wageni sebuleni, palikuwa na Bwana Kiboko mmoja mwenye tangi la kioo. Msidhani alifuga kitoweo. Humo mlikuwa na maji ya bahari, matumbawe ya kila rangi yaliyofunguka asubuhi kama maua, na samaki wawili wenye mistari, mke na mume. Kiboko aliwapenda mno. Mgeni akipiga hodi, alikalishwa mbele ya tangi kabla hata ya kuulizwa habari za nyumbani.

Tatizo, maji yalipungua. Leo upana wa kidole, kesho upana wa kidole.

"Kuna mwizi anakunywa maji yangu," alisema Kiboko. Akachukua mtungi wa maji ya bahari, chururuu, akajaza.

Alijaza kila siku. Lakini matumbawe yakazidi kujikunja, na samaki wakaacha kula.

Aliyefagia nyumba ile alikuwa Pimbi, mdogo hata goti la Kiboko halifikii. Siku moja alichovya kidole tangini, akaonja. Ptu!

"Bwana, maji yamezidi chumvi," alisema. "Jua la dirishani linayakausha maji, chumvi inabaki. Nawe unaongeza chumvi nyingine juu yake. Jazia maji ya kisima."

Kiboko alicheka mpaka vikombe vikagongana kabatini. "Samaki wa bahari niwape maji ya kisima? Wewe wa kunifundisha maji mimi, niliyezaliwa majini?"

Kisha akamkodolea macho. "Kumbe mwizi ni wewe, ndiyo maana umejua ladha yake. Haya, mwezi ukiandama mwizi mwingine hajapatikana, utahama humu."

Kuhama! Na nyumba ya pili alikaa Chui, ambaye kila siku aliulizia afya ya Pimbi kwa upole wa kutisha. Pimbi aliogopa, nisiwafiche.

Asubuhi yake alikuja na maneno mengine.

"Bwana, ulisema kweli, mwizi yupo. Tena anapenda chumvi. Hebu ona mate yake yalivyokaukia hapa." Akaonyesha ukoko mweupe kwenye ukingo wa kioo.

"Enhe," alisema Kiboko, "niliona mimi."

"Basi tumharibie utamu. Kila asubuhi tuchote bakuli moja tumwage, tuweke la maji ya kisima. Yakipungua, tujazie hayo hayo ya kisima. Polepole, asishtuke. Siku akionja akakuta chumvi imepungua atatema, ptu, nawe utamsikia."

"Na samaki wangu?"

"Bakuli moja tu, Bwana. Hawatajua."

Kiboko akashika mchi, akajificha nyuma ya pazia. Tumbo lote lilibaki nje, lakini nani angethubutu kumwambia? Kila asubuhi Pimbi alichota, akamwaga, akajaza. Kiboko akategea sikio. Kimya.

Siku zikapita. Kesho mwezi unaandama, na mwizi hajatema. Pimbi alikuwa amekwisha funga kifurushi chake.

"Pimbi, njoo hapa," aliita Kiboko.

Pimbi akaenda, kifurushi mkononi.

"Mwizi hakuja," alisema Kiboko. "Lakini tazama."

Matumbawe yalikuwa yamefunguka yote. Samaki mke alikuwa anamfukuza mumewe kwenye chakula, kama zamani. Mchi ukamponyoka Kiboko, ndi! Akakaa chini palepale, akalia kwa furaha bila kuona haya.

"Nilijua wanakufa," alisema. "Nilijua, nikaogopa kusema."

Pimbi naye akashusha pumzi, ndefu kuliko yeye mwenyewe. "Bwana, mwizi hayupo. Ni jua. Na ukoko ule ni chumvi, si mate."

Kiboko akafuta macho. "Kwa hiyo ulinidanganya?"

"Nilikudanganya. Ukweli nilikupa kwanza, ukaucheka."

Kiboko akamwendea Chui na kumwambia kwamba Pimbi hahami, wala asiulizwe tena hali.

Basi wanangu, anayekataa ukweli kwa kuwa umesemwa na mdogo, amejitakia kudanganywa.