Komeo la Mwanasiti

Paukwa! Itikieni pakawa, na asiyeitika akalale.

Zimwi lilijigeuza bwana wa kanzu nyeupe, likatangaza kwamba kila aliyebuni kitu akipeleke kwenye jumba lake la mawe, apewe mtaji. Mafundi wakaenda, wasirudi. Watu wakasema wametajirika. Kutajirika gani huko, hata salamu hawatumi?

Mwanasiti alikuwa amebuni komeo linalojifunga lenyewe, kwa kumtazama chaza anavyojifumba. Mtaji aliutaka, ila maneno hayo hayakumwingia. Akalitia komeo kapuni, akalifunika, akaenda.

"Kizuri mno!" bwana akasema.

"Hujakiona, baba."

"Kizuri, mwanangu! Ingia."

"Bado nimekifunika."

"Kizuri! Sogea!"

Bwana alipogeuka kumvutia kiti, Mwanasiti akaona kisogoni mdomo wa pili unadondosha mate. Uso hakuubadili.

"Hiki hufanya kazi mlangoni, kwa nje," akasema. "Kaa hapohapo, baba, usikilize."

Akatoka, akalipachika, akavuta mlango. Ta! Zimwi likasukuma, likapiga mateke, likanguruma. Komeo halikutikisika.

Mkipita pale mtalisikia: "Kizuri, mwanangu, kizuri mno! Nifungulie."

Piteni zenu.