Bi Kindi Avuka Bonde la Upepo

Enyi mlioketi, masikio mmeyaleta?
— Tumeyaleta, yako wazi!
Basi nayajaza.

Hapo kale aliishi Bi Kindi, yule kindi wa msituni ambaye ngozi yake imeungana toka mikononi hadi miguuni. Akiitandaza, anaelea hewani kama kanga iliyopeperushwa. Bawa hana. Yeye na wanawe walikaa upande huu wa bonde, kwenye mvule. Makuyu mabivu yalikuwa ng'ambo, kwenye mkuyu wa Hondohondo, ndege mwenye mdomo kama shoka. Alikula mpaka akavimba, na bado hakutaka mwingine aonje.

Watoto wakalala njaa. Hondohondo alipokuja kutua kwenye mvule, Bi Kindi akamwomba. Akajibiwa kwamba atakayevuka bonde bila kupiga bawa, akatua mkuyuni, mti ni wake. Hondohondo alijua alisemalo. Katikati ya bonde upepo hushuka vuuu, na kila kindi aliyekwenda polepole ulimbwaga miibani. Mdogo wake Bi Kindi alivunjikia mguu hapo.

"Na wewe utavuka hivyo hivyo, bwana?"

"Nitavuka. Nikishindwa, mkuyu wako."

Bi Kindi akapanda hadi kileleni. Moyo ulimdunda, kwa sababu kasi nayo huua: ukifika nayo mtini, unapasuka. Akajitupa kichwa chini. Fyuuu! Upepo ukashuka, vuuu, ukamkuta yuko mbioni, ukamtikisa tu. Mkuyu ukaja, ukaja, ukawa mkubwa. Alipoukaribia akainua kichwa, akapanda kidogo hewani, kasi ikamwishia. Tap. Akashika gome taratibu, kama mtu anayeketi mkekani. Jamani, yule mama alijua kuruka.

Hondohondo akapaza sauti toka ng'ambo, akauliza amekujaje.

"Kwa kasi, bwana. Nawe ni mzito, ongeza."

Akaongeza. Fyuuu! Upepo hata hakuusikia. Mkuyu ukaja, ukaja, ukapita. Kupiga bawa hakutaka, asije akaupoteza mti. Akapita kichaka, akapita mto, pwaa! Akazama kwenye matope ya viboko mpaka shingoni.

"Mbona hukuniambia habari ya kupunguza?" akalalamika.

"Uliuliza nimekujaje, bwana. Kutua hukuuliza."

Jioni ile watoto wa Bi Kindi walikula makuyu mpaka wakasinzia mdomo wazi.

Fundisho lake, wanangu: anayekwenda kwa kasi ajue na kuipunguza, kama Bi Kindi.

Ngano imetua salama. Wa matopeni, mvuteni.