Kalamu Iliyopakwa Mafuta

Nani hapa amekuja na kalamu? Inua juu niione. Haya shusheni, nyingi ni za benki, mlisahau kuzirudisha.

Palikuwa na mama mmoja ambaye binti yake alichelewa kuolewa. Alichelewa hasa, miaka thelathini na minane. Siku mchumba alipopatikana, mama alicheka wiki nzima. Akasema mwanangu hatatia saini cheti cha ndoa kwa kalamu ya kuazima. Akaenda kwa fundi anayetengeneza kalamu za wino kwa mkono, kwa akriliki, ile plastiki ngumu yenye rangi mpaka ndani. Akachagua kipande cha zambarau chenye michirizi ya dhahabu.

Alhamisi akaifuata, harusi ni Jumamosi. Akamkuta fundi anaipiga msasa ndani ya beseni la maji. Ilipokauka, kalamu ilikuwa nyeupe, imefifia, utadhani imepakwa majivu.

"Fundi, umeniharibia kalamu!"

"Sijaiharibu, mama. Mashine ya kuchongea imeacha mikwaruzo, naitoa kidogo kidogo. Nimebakiza misasa mitatu, kila mmoja laini kuliko uliopita. Njoo kesho jioni."

"Kesho nina wageni nyumba nzima! Nitilie nibu na wino, niondoke nayo hivyo hivyo."

Mama mwenye harusi mnamjua. Nani atabishana naye? Fundi akampa.

Kufika nyumbani, alifanya nini? Alichukua mafuta ya mgando, yale mnayowapaka watoto miguuni Jumapili asubuhi, akaisugua kalamu. Jamani, ikang'aa! Zambarau ikarudi, dhahabu ikarudi. Mama akapiga kigelegele peke yake jikoni. "Misasa mitatu ya nini?"

Jumamosi, kanisa limejaa. Mchungaji akafungua cheti, bibi harusi akashika kalamu. Ikateleza. Akaishika tena, ikamponyoka, ikabingirika mpaka miguuni pa wazee wa kanisa. Mzee mmoja akaiokota, na kwa wema wake akaifuta vizuri kwa leso. Ikawa nyeupe mbele ya watu wote. Mama akajifunika uso kwa kitenge. Alitamani ardhi ipasuke.

Ndipo benchi la nyuma akasimama mtu. Alikuwa yule fundi, maana naye alialikwa. Akatia mkono mfukoni mwa koti, akatoa vipande vitatu vya msasa na kitambaa cha kung'arishia.

Mama akamwuliza, "Umekuja navyo harusini?"

"Ulivyoondoka juzi, nilijua nitahitajika. Naombeni beseni la maji."

Mchungaji akamgeukia bibi harusi. "Mwanangu, kalamu yangu ipo hapa. Si tuendelee nayo?"

"Mchungaji, nimengoja mume miaka thelathini na minane, nishindwe kungoja nyimbo nne? Kwaya, imbeni!"

Kwaya ikaimba. Fundi akakaa kwenye ngazi za nje, akachomoa nibu, akaanza kusugua, na mama mwenyewe kwa gauni lake la harusi akamshikia beseni. Maji yalimrukia, akaanza kucheka, na fundi naye akacheka. Wimbo wa nne ulipoisha, kalamu iliingia kanisani kavu, haina tone la mafuta, inang'aa. Binti akatia saini. Vigelegele vile, hata bwana harusi alisahau zamu yake ya kusaini!

Ndugu zangu, mnamcheka yule mama. Ni nani kati yetu hakujipaka mafuta leo? Umekuja mmenuniana na mwenzio njia nzima, kufika mlangoni, "Bwana asifiwe!" Tunang'aa, ndiyo, mpaka mtu atufute. Na Mungu akituanza kwa msasa tunapiga kelele kwamba ametuharibu, tunamnyang'anya kazi kabla hajamaliza. Kwani rangi yetu imekwenda wapi? Si iko mpaka ndani, na ni yeye aliyeiweka?

Lakini sikuja kuwagombeza. Nimekuja na habari njema. Fundi hakubaki kibandani kwake akisema, "Si nilikwambia?" Alikuja harusini, na misasa ilikuwa mfukoni. Hata leo yumo humu ndani, na hajakasirika. Basi ondoa kitenge usoni, mpe kalamu yake, nawe ushike beseni.

Kwaya, mko wapi? Imbeni, fundi ana kazi.